Nambari Moja ya Kipepeo

Likasi, Panda, tarehe 4 Mei 2025

Mudogo yangu Barthélemy,

Kaa kwanza. Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, shika kiti. Hii bahati inayonifuata minye Gaston, ingekuwa mbwa, bantu ba Panda bangekwisha kuipiga mawe. Niko na nambari moja!

Nambari moja ya nini? Usijifanye hujui. Nambari moja ya kipepeo ya Reine, mutoto wa marehemu Alphonse, ndugu yetu wa katikati, mutoto aliyekulia ku nyumba yangu, akila ugali yangu na kumaliza sukari yangu. Ile gravure yake uliyotuonyesha ku simu siku ya Pasaka, ukipitisha kidole kama waziri: kipepeo kubwa, bawa moja iko na moshi wa kiwanda cha Shituru, bawa lingine iko na maua ya kitenge. Ukatufundisha kwa sauti ya profesa namna alichora kwa sindano juu ya bamba ya shaba, akapaka wino, akakandamiza karatasi ishirini tu, halafu akachanja bamba msalaba ili ya ishirini na moja isizaliwe hata kwa maombi. Ukasema yako ni nambari kumi na nne. Ukasema vile mara tatu, hata Mama Simone alikusikia kule jikoni.

Basi kumi na nne, pole. Moja inakusalimia.

Iko ku salon, juu ya televizyo. Nimetoa picha ya harusi kuipa nafasi. Simone amenuna lakini atapona, miaka ishirini na sita ananiona kila siku, picha ya nini? Pasta alipita hapa kuomba glasi ya maji, akasimama mbele ya kipepeo mpaka maji ikapata moto ku mukono wake. Minye nilifika Kasumbalesa, Ndola, Dar es Salaam, hata Dubai nililala (ku uwanja wa ndege, lakini nililala), na sijaona kitu ya namna hii ku ukuta ya muntu wa kawaida. Muntu wa kawaida ni weye.

Ninakuandikia barua kwa sababu ku WhatsApp unanijibu na kidole gumba tu. Muntu anakupa maneno mia, weye unamurudishia kidole kama unasimamisha taksi. Barua haina kidole. Inakuja na Rolly, shofere wa basi. Unijibu kupitia yeye, na umupe ya soda.

Yaya yako,
Gaston, Nambari Moja


Lubumbashi, tarehe 11 Mei 2025

Yaya Gaston,

Nimepokea barua yako. Nimefurahi kusikia nyumbani wote ni wazima. Nimefurahi pia, sana kabisa, kuhusu hiyo nambari moja, kama ni kweli.

Ninasema kama ni kweli si kwa dharau. Wewe ni mkubwa wangu. Lakini mimi nakusanya gravure za vipepeo mwaka wa tisa sasa. Nina za Harare, za Maputo, za Dakar. Nimejifunza kwamba katika mambo haya mtu anauliza kabla ya kushangilia. Kwa hiyo, tafadhali, niambie: nambari imeandikwa wapi, na kwa kitu gani? Jina la Reine liko upande upi? Karatasi ni nyeupe au ina rangi kidogo ya maziwa? Nitumie picha.

Na hasa niambie ni nani aliyekuletea. Reine mwenyewe alikuja Likasi? Au alituma mtu? Nani, na lini?

Halafu nikueleze jambo moja, bila kukukosea heshima. Nambari moja si kama wa kwanza darasani. Ya kwanza na ya ishirini zimetoka katika bamba lilelile. Kinachozipa thamani ni kwamba ziko ishirini na haziwezi kuongezeka, na kila moja ina nambari yake ambayo nyingine haina. Ni uaminifu wa msanii, basi. Ukiondoa huo, unabaki na karatasi yenye wino.

Hata hivyo sikatai kwamba watu wanaipenda moja. Mimi sina wivu. Ninauliza tu.

Usiitundike mahali penye jua. Na nijibu kuhusu aliyeleta.

Mdogo wako,
Barthélemy


Likasi, tarehe 15 Mei 2025

Mudogo yangu usiye na wivu,

Barua yako niliisomea Simone kwa sauti, tukafika pale unaposema «sina wivu», akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Muntu asiye na wivu hasemi. Umewahi kusikia muntu aliyeshiba akitangaza ku barabara «jamani, minye sina njaa»?

Unauliza nani aliniletea. Mara ngapi umeuliza? Weye ni polisi wa barabarani? Aliyeleta ni aliyetumwa, na aliyetumwa alifika, na alipofika alikunywa chai. Mengine ni siri ya familia, na kwa kipepeo hii, familia ni minye.

Nambari iko chini, kushoto, kwa kalamu ya risasi: moja, mustari, ishirini. Jina ya Reine iko kuume, na ile R yake yenye mukia, R niliyomufundisha minye ku karton ya biskuti nyuma ya duka, ukiwa weye ku chuo kikuu unafundishwa kuvaa tai. Umeridhika, Monsieur le Juge, hakimu mukubwa?

Picha hapana. Kamera ya simu yangu imepasuka, na tena nimesikia flash inakula wino. Ninashangaa mukusanyaji mukubwa kama weye hajui.

Usiogope habari ya jua. Jua, maji, mavi ya nzi, mikono ya batoto ba jirani, vyote nimevifunga mulango. Nilienda kwa Samy mwenye fotokopi pale ku soko, akanipitishia kipepeo mu mashine, akai-plastifier! Pande zote mbili, plastiki ya nguvu, ile ya kadi ya uchaguzi. Sasa naipangusa na kitambaa yenye sabuni kila Jumamosi, inang'aa kama paji la uso ya muntu wa Kinshasa. Cheti yangu ya ndoa iko vile, diplome ya binti yetu Daniella iko vile, picha ya marehemu Alphonse iko vile. Kitu ya thamani inavaa plastiki. Yako kumi na nne iko uchi? Pole yake.

Lakini nikuulize na minye. Weye uko na ukuta muzima ya vipepeo. Sisi huku tunakula viwavi na pilipili. Weye unanunua vile vilivyotoroka sufuria, sawa, kila muntu na tumbo yake. Uko navyo vya Harare, vya Maputo, vya bahari zote. Halafu yaya yako anapata kimoja, KIMOJA, na weye usingizi unapotea? Reine alipokuwa na malaria, nani alimubeba ku mugongo kutoka Panda mpaka ku hospitali, mvua inapiga, kiatu moja imebaki mu matope? Weye ulilipa masomo yake, najua, na Pasaka yote tunakumbushwa. Minye nililipa kiatu.

Usiniandikie tena mambo ya karatasi ya maziwa.

Yaya yako,
Gaston


Lubumbashi, tarehe 29 Mei 2025

Yaya Gaston,

Plastifier!

Niliisoma nimesimama, nikalazimika kukaa. Ile karatasi inapumua, yaya. Inatengenezwa kwa pamba. Mashine ya Samy inayeyusha gundi ndani yake na haitoki tena milele. Ungeipika tu na pilipili.

Nakuambia ukweli: mpaka barua ile nilidhani unanitania. Nilijua huna kitu. Lakini plastiki ndiyo iliyonishinda. Hakuna mtu anayeweza kubuni ujinga wa namna hiyo. Ni lazima awe ameshika karatasi mkononi na kuiharibu kweli. Kwa hiyo nimekuamini. Na kwa kuwa nimekuamini, tuna balaa.

Nambari moja ninayo mimi.

Ninayo tangu kabla ya Pasaka. Sikukuonyesha siku ile, nilikuonyesha kumi na nne. Iko sasa katika maonyesho ya Madame Clotilde, anayeuza kazi za Reine hapa Lubumbashi, ukuta wa kwanza ukiingia, na kibao chini yake: «Mali ya Barthélemy Kasweka». Moja, mstari, ishirini, kalamu ya risasi, R yenye mkia. Kama yako ipo, basi Reine ametoa mbili zenye nambari moja. Amenipa mimi moja na wewe moja, kila mmoja ajione mfalme. Ametuchezea.

Nilikasirika, yaya. Nilichukua barua yako nikaenda kumwonyesha Madame Clotilde. Labda ningengoja. Madame hakupiga kelele, alivua miwani tu. Alisema kama kuna moja mbili, nani anajua kama hakuna tano mbili, tisa tatu? Amemwita Reine.

Barthélemy


Likasi, tarehe 1 Juni 2025

Barthélemy,

Kwa hiyo alikupa weye. Ukaificha Pasaka yote, ukala kuku ya Simone, ukatuonyesha kumi na nne kama maskini.

Yangu njo ya kweli. Yako utafute ilikotoka. Sibadilishi hata nukta. Mwambie Madame wako avae miwani yake.

Simone anauliza kwa nini sikumaliza sahani leo. Nimemwambia chumvi ni mingi. Haikuwa mingi.

Gaston


Lubumbashi, tarehe 9 Juni 2025

Baba Mukubwa,

Nakusalimia wewe na Mama Simone na Daniella. Ningepiga simu, lakini ku simu wewe unasema na mimi ninaitika «ndiyo Papa, ndiyo Papa», halafu unakata, na mimi sijasema kitu. Kwa barua labda nitafika mwisho.

Kwanza asante. Niliogopa wakati nilikutumia ile gravure. Nilisema, Baba Mukubwa ataiona na kuniuliza kama ndiyo niliyoenda kusomea miaka yote, kipepeo? Sasa nimesikia umeitoa picha yenu ya harusi ili uiweke. Nimesikia na ya plastiki. Baba, nilicheka mpaka nikalia. Wenzangu mu atelier, pale tunapochora, walifikiri nimepata msiba. Usisikilize wanaokuambia umeiharibu. Ile haikuwa ya kuuza. Kati ya zote ishirini ni moja tu niliyotoa bure, nikaandika nambari moja juu yake kabla wino haujakauka, nikasema hii ni ya Panda.

Nilimpa Baba Mudogo Barthélemy aibebe, kwa sababu alikuwa anakuja Likasi kwa Pasaka na gari lake, na niliogopa kuiweka mu basi. Sijui ni nini kilipita kati hapo. Mimi sitaki kujua. Nyinyi wawili ni baba zangu.

Madame Clotilde aliniita. Aliniambia: Monsieur Barthélemy anayo nambari moja, iko hapa ukutani kwangu, na Monsieur Gaston anayo nambari moja, barua yake ni hii. Aliniuliza, nani anadanganya? Ningejibu nini, Baba? Ningesema nani? Nilimwambia hakuna anayedanganya, ni mimi nilikosea, niliandika nambari moja mara mbili.

Basi ameshusha kazi zangu zote. Jumamosi ya tarehe 21 atawaandikia wote walionunua kwamba ile toleo ya nakala ishirini haiaminiki, kila mmoja anaweza kurudisha yake. Ile nafasi ya kwenda kufanya kazi Dakar, alikuwa ameniombea yeye; ameiondoa. Ananiambia kwa upole kwamba mu kazi hii msanii anakosea mara moja tu.

Sikuandikii ili ufanye kitu. Nimeandika ili usikie kutoka kwangu, si kwa watu. Nitarudi nyumbani mwezi wa saba kama mutanipokea. Nitakusaidia ku duka. Na nitaiona ile kipepeo juu ya televizyo, hiyo inanitosha.

Mutoto wako,
Reine


Likasi, tarehe 11 Juni 2025

Barthélemy,

Rolly ananingoja, gari linawaka, kwa hiyo maneno kidogo.

Mutoto alikupa kitu ya mwenyewe uipeleke. Mwendo wa saa mbili, barabara ya lami, gari yenye klimatiza ya kupuliza baridi. Ukafika ku mulango yangu, ukala, ukaomba uongezewe sombe, ukarudi na kitu yangu mu gari. Halafu ukaitundikia jina yako!

Minye nilifikiri hakunipa. Unaelewa? Pasaka yote, ukipitisha kidole ku simu, nilikuwa ninahesabu: kumi na nne amempa Barthélemy, zingine bazungu, zingine bantu ba Kinshasa, na minye hakuna. Nilicheka na nyinyi nikatoka inje nikajifanya naangalia jenereta. Jenereta ilikuwa imezima.

Nijibu leo. Usinitumie Kifaransa.

Gaston


Lubumbashi, tarehe 14 Juni 2025

Yaya,

Sitakutumia Kifaransa.

Ile kumi na nne sikupewa. Nilinunua. Zote ninazo za Reine nilinunua, kwa bei ya watu wa nje, na aliniandikia risiti na kusema asante Baba Mudogo. Kisha siku moja kabla ya Pasaka ananiletea bahasha kubwa iliyofungwa vizuri na utepe wa kitenge, anasema hii ni zawadi. Moyo wangu ulipaa, yaya. Nilinyoosha mikono miwili kama mtoto wa komunyo. Akasema: umpelekee Baba Mukubwa.

Nililipa masomo yake yote. Najua hupendi kusikia. Lakini kila nilipotuma minervale, karo ya shule, alinijibu kwa SMS, na kila ulipomtumia wewe gunia la makaa alikuja mwenyewe Panda kukushukuru. Nilijiuliza ningefanya nini ili na mimi niletewe kitu chenye utepe. Nilifika kwako nikiwa nayo garini. Nilikuwa nitaitoa baada ya kula. Ukaanza tu kusema «Reine wangu, Reine wangu», nikasema moyoni, ngoja, kesho. Kesho nikasema, kesho.

Kuhusu hiyo yako ya plastiki: sasa najua huna. Nilikaa nikafikiri. Kama mimi ninayo uliyotumiwa, ya kwako imetoka wapi? Ulibuni hata plastiki. Wewe ni mtu hatari, yaya.

Nimepata njia. Mwandikie Madame Clotilde kwamba ulinunua ile yako sokoni kwa mtu usiyemjua, nawe ulidanganywa, ni fotokopi. Hutaonekana mwongo, utaonekana umeibiwa tu, ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Reine atasafishwa. Na mimi nitakuletea nambari moja kimya kimya maonyesho yakiisha. Hakuna atakayejua kitu. Nakuomba, yaya. Nina jina hapa mjini.

Mdogo wako,
Barthélemy


Likasi, Panda, tarehe 17 Juni 2025

Madame Clotilde,

Hatujuani. Minye ni Gaston Kasweka, nauza vipuri vya pikipiki hapa Panda, nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari halafu shule ikanichoka. Kwa hiyo ukiona makosa, ni ya kwangu, usimulaumu Reine, yeye aliandika vizuri tangu akiwa na miaka mine. Nimeamka asubuhi, nimenyoa ndevu, nimevaa shati ya kanisa, sababu muntu hawezi kuandika mambo haya na singleti.

Mudogo yangu Barthélemy alinipa njia ya kukuandikia. Aliniambia niseme kipepeo yangu niliinunua ku soko, nikaibiwa. Ni njia nzuri, iko na lami. Nilikuwa nimeanza kuiandika, nikafika mustari wa tatu. Halafu nikajiuliza: kama nikisema ku Likasi kuna muntu anauza fotokopi ya kipepeo ya Reine, si bantu benu bataanza kutafuta hizo fotokopi? Batasema, kama iko moja ku soko, ziko mia. Minye nitabaki safi na mutoto atabaki na matope ingine. Niliipasua. Simone aliniuliza kwa nini ninapasua karatasi nzima. Nikamwambia chumvi ni mingi.

Reine alikuambia alikosea, aliandika nambari moja mara mbili. Madame, weye unakaa mu mambo ya sanaa, sijui kama unakaa mu mambo yetu. Kwetu mutoto hawezi kusimama mbele ya muntu na kusema mukubwa wangu anadanganya. Hata umuchome. Atasema «labda minye nilisikia vibaya». Atasema «labda minye nilihesabu vibaya». Ukimusikia mutoto wetu anajilaumu kwa jambo ambayo mutoto mupumbavu hawezi kufanya, ujue kuna mukubwa nyuma ya mulango. Reine hakukosea. Kuandika nambari mara mbili ni kosa ya muntu asiyependa kazi yake. Huyu, tangu akiwa mudogo, alikuwa analia kama mustari mumoja ya kalamu umepita pembeni.

Ile nambari moja iliyokuwa ku ukuta yako njo nambari moja. Hakuna ingine, ku Likasi, ku Lubumbashi, ku mbinguni. Jina iliyokuwa ku kibao chini yake, hiyo usiulize. Ni kazi ya nyumba yetu, tutaipika na tutaila wenyewe. Barthélemy ni muntu muzuri, anapenda mutoto huyu kuliko anavyojua kusema, na alilipa masomo yake yote, hiyo uandike ku kibao kubwa. Minye nilimuandikia barua mbaya, nitamuandikia nzuri.

Basi, nakuomba Jumamosi usitume zile barua kwa bantu balionunua. Rudisha kazi za mutoto ku ukuta. Na ile safari ya Dakar, kama inaweza kurudi, irudi. Kama ni lazima muntu aadhibiwe, niko hapa Panda, duka ya buluu, kila muntu ananijua, uliza tu Gaston anayesema sana.

Sababu ilikuwa wivu. Siku ya Pasaka niliona mudogo yangu ana kitu kutoka kwa mutoto niliyemulea, na nilifikiri minye sikupewa. Zile habari za kalamu ya risasi na R yenye mukia niliziona ku simu yake, kwa muda wa kidole kupita. Pasta hakuja kuomba maji. Samy mwenye fotokopi hajui kitu. Nilikaa nikabuni moja kwa moja, na kila Barthélemy alivyouliza nikaongeza.

Madame, nikusemee wazi, bila masihara, mara moja: nambari moja sina. Sikuwa nayo siku hata moja. Nilidanganya.

Gaston Kasweka